Pipa la Spiriti na Pikapu ya Vifaranga

Sogea karibu unisikilize vizuri, maana sauti yangu siku hizi haina nguvu ya kushindana na bodaboda zinazopita hapo nje. Ninachotaka kukueleza hakikuhitaji uwe fundi. Inatosha kama umewahi kukaa ndani ya gari lililoelemewa na mlima, ukajikuta unalisukuma kwa mabega ukiwa umekaa kwenye kiti.

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika karakana ya magari ya serikali, Arusha, nimevaa ovaroli niliyopewa chuoni. Ilishonwa kwa ajili ya mwanamume, mama yangu akaipunguza kiunoni na kukunja miguu. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata mashine zikiwa zinanguruma. Alinitazama, kisha akanionyesha gari la afisa mifugo lililokuwa likisubiri kutoka.

"Panda. Nenda na dereva mpaka jioni."

"Nikafanye nini, Mzee?"

"Ukakae."

"Lakini nimesomea injini."

"Ndiyo maana nakutuma. Injini umeshaisoma. Dereva bado."

Nilidhani ananiondoa mbele ya vifaa kwa sababu ni msichana. Nikapanda, nikakaa. Jioni aliniuliza gari lina shida gani. Nikamwambia klachi inateleza. Akauliza, na dereva ana shida gani? Nikafikiri kidogo, nikamjibu kwamba dereva anapumzisha mguu juu ya pedeli ya klachi safari nzima, hata kwenye tambarare.

"Sawasawa," akasema. "Ungebadilisha klachi leo bila kukaa naye, angekurudia na hiyo mpya imeungua."

Alikuwa na jina la utaratibu huo, aliuita kwenda na dereva. Gari likileta malalamiko yasiyoeleweka, hatukuanza kwa kufungua boneti. Fundi alipanda na mwenye gari siku moja ya kawaida, njia ileile, mzigo uleule. Nimetumia utaratibu huo kila nilipopelekwa, na ndio ulionisaidia katika kazi ninayotaka kukusimulia.

Kutoka Arusha nilihamishiwa kwenye mradi wa maji nyanda za juu, upande wa Mbulu. Kule mafuta yalikaa kwenye mapipa nje, mvua ikinyesha juu yake. Msimamizi wa Mradi alikuwa mkali kwa jambo moja tu. Hakuruhusu mafuta yoyote yaingie kwenye tenki kabla hayajaonekana kwenye chupa nyeupe. Tulichota kidogo, tukaiacha chupa itulie. Kama kulikuwa na maji, yalishuka chini na kujitenga, unayaona kama mstari. "Injini haina ulimi wa kuonja," alikuwa akisema. "Ionjee wewe."

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa, ofisi zikaja, na magari yakaja na ofisi. Nikahamishiwa huku. Mhandisi wa Mitambo niliyefanya kazi chini yake ndiye aliyenifundisha turbo. Nami nikueleze kama alivyonieleza.

Injini hutoa moshi kwa kasi. Badala ya kuuacha moshi upotee, turbo huutumia kuzungusha kifeni kidogo, na kifeni hicho huzungusha kingine kinachosukuma hewa kwa wingi kuingia kwenye injini. Hewa nyingi na mafuta mengi, nguvu nyingi. Lakini umewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono? Pampu hupata moto. Hewa ikibanwa hupata joto, na hewa yenye joto haifai. Kwa hiyo mbele ya gari, jirani na rejeta, huwekwa kipoza hewa, kitu kinachofanana na rejeta nyembamba. Upepo wa safari hupita hapo na kuipoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Isipopozwa, petroli hulipuka ndani kabla ya wakati wake. Hapo utasikia injini ikigonga. Magari ya sasa yana kompyuta inayosikia kugonga huko, nayo huchelewesha cheche za plagi ili kuiokoa injini. Injini inapona, lakini nguvu inakwenda.

Mhandisi hakukubali maneno matupu juu ya nguvu. Dereva akiomba gari liongezewe kasi, yeye aliuliza swali moja: "Na joto lake utalipitisha wapi?"

Nilipostaafu serikalini nilifungua gereji ndogo barabara ya kwenda Bonga, kiwanja kimoja na Yohana, fundi wa bodi, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa amebana misumari mdomoni. Huko ndiko alikonifuata Elibariki, kijana wa Mutuka.

Kazi ya Elibariki ilikuwa vifaranga. Walifika kwa basi kutoka Arusha wakiwa wa siku moja, wanalala nyumbani kwake, na alfajiri anawapakia kwenye pikapu pamoja na magunia ya chakula cha kuku, anawapandisha Dareda hadi kwa wafugaji wa juu. Pikapu yenyewe haikuwa ya kawaida huku kwetu. Ilikuwa ya petroli, yenye turbo, aliyoinunua mnadani baada ya baba yake kukubali kuuza shamba. Hilo shamba ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi, maana pikapu ilikuwa imeanza kushindwa mlima. Safari iliyochelewa ilifika na vifaranga waliokufa, na wafugaji walikuwa wameanza kusema watatafuta mtu mwingine.

"Shikamoo, Mama Theresia."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako wa jana walifika salama?"

"Si wote." Akainama kidogo. "Mama, nimeamua. Nataka niitilie spiriti."

Yohana akatoa kichwa nyuma ya mlango aliokuwa akiunyoosha. "Gari la Mlutheri linywe spiriti? Mchungaji ana habari?"

"Siyo gongo, Yohana. Ni ethanoli, inatoka kwenye molasi ya miwa. Wenzetu nje wanaitumia kwenye pikapu za turbo, zinapaa."

"Na trafiki akikusimamisha atapima pumzi yako au ya gari?"

Elibariki akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa amepata mfanyabiashara ambaye angemletea pipa Jumamosi, na fundi wa Arusha ambaye angeibadilisha kompyuta ya gari ili itumie mafuta hayo. Alitaka nimwambie neno moja, ndiyo au hapana.

Sikumcheka, nawe ukiwa fundi usimcheke mtu wa namna hiyo, kwa sababu alichokisikia kilikuwa cha kweli. Ethanoli hustahimili mbano kuliko petroli, hailipuki ovyo kabla ya wakati. Tena inapogeuka mvuke hunyonya joto, kama unavyosikia ubaridi ukipakwa spiriti mkononi kabla ya sindano. Kwa injini ya turbo hiyo ni zawadi kubwa. Fundi anaweza kuongeza presha ya turbo na kuwahisha cheche, na nguvu ikaonekana kweli.

Nilikagua pikapu hapo gereji. Plagi safi, filta nzima, mipira ya hewa haivuji, mashine ya kupimia haikuonyesha hitilafu. Nikaizungusha mjini, ikakimbia vizuri.

"Sitakujibu leo," nikamwambia. "Kesho nakuja Mutuka alfajiri. Nitakwenda na wewe."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kukaa."

Nilifika kwake bado kuna baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye vidole. Vifaranga walikuwa wameshapakiwa, sauti zao nyembamba zikitoka kwenye maboksi yenye matundu. Mbele ya pikapu alichuchumaa baba yake, Mzee Sulle, amevaa koti refu. Alikuwa dereva wa malori zamani. Alikuwa amekunjua boksi kubwa la karatasi ngumu, analifunga kwenye wavu wa mbele kwa vipande vya tyubu, anavuta kila kona mpaka imenyooka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mama unayetibu magari?"

"Ndiye. Unalifanyia nini?"

"Nalivisha. Injini ikipigwa na baridi asubuhi haipandi. Sisi tulipandisha malori Mbulu hivi hivi." Akalipigapiga boksi kama mtu anayemwekea mtoto koti sawa. "Akimaliza safari analivua, maana mjini kuna joto."

Basi nikaelewa kwa nini gereji sikuliona. Nilihisi pia kwamba huenda nimeshaupata ugonjwa. Lakini sikusema neno. Kuhisi si kujua, nilitaka kwanza niisikie injini mlimani. Halafu alikuwa mzee uani kwake, mwanawe na wajukuu wakimtazama, na kazi ile aliifanya kwa upendo. Nikapanda, nikakaa.

Tambarare tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda baada ya Dareda, nikasikia feni ya rejeta ikinguruma bila kupumzika, na nje bado kulikuwa na baridi. Kona chache juu yake injini ikaanza kugonga, sauti kama mahindi makavu yakimwagwa kwenye sufuria. Elibariki akarudisha gia, akakanyaga, pikapu ikazidi kulegea. Nyuma vifaranga wakapandisha sauti.

"Umeona, Mama? Hapa ndipo inapokufa. Ningekuwa na spiriti sasa hivi tungekuwa juu."

"Egesha pale penye nafasi. Usizime kwanza, iache ingurume taratibu." Turbo ikitoka kwenye kazi ngumu huwa na moto mkali, na ukizima ghafla oili inayoilainisha huganda na kuungua humo humo. "Sasa fungua boneti. Rejeta usiiguse. Gusa bomba hili linalotoka kwenye kipoza hewa kwenda kwenye injini. Kwa uangalifu."

Akagusa, akauondoa mkono upesi. "Ah! Linaunguza."

"Hewa iliyopozwa ingeunguza?"

Akanitazama. Akatazama mbele ya gari. Tukafungua vipande vya tyubu, tukaondoa boksi, na joto likatoka nyuma yake kama umefungua mlango wa tanuri la mkate. Tukasubiri mpaka feni ikatulia. Kisha tukaendelea.

Sitakuambia kwamba pikapu ilipaa. Ilipanda kama gari la turbo linavyotakiwa kupanda, gia moja juu ya ile aliyoizoea, bila kugonga. Elibariki aliisikiliza kona kadhaa. Mwishowe akaanza kucheka peke yake.

"Kumbe nilikuwa nimeliziba pua, halafu nalaumu chakula!"

Tulifikisha vifaranga wote wakiwa hai. Mama mmoja aliyekuwa akiwapokea aliwaingiza mmoja mmoja kwenye kizimba akiwapigia mluzi, akatuuliza leo tumekuja na ndege?

Tulikaa ukingoni mwa shamba lake tukinywa chai na viazi alivyotuletea. Elibariki akarudi pale pale nilipotarajia.

"Sasa Mama, kama iko hivi bila spiriti, nikiitilia si itakuwa mara mbili?"

Swali zuri, na nililipima naye polepole, kama ninavyolipima na wewe.

Kwanza, ukimwaga ethanoli tu bila kubadilisha kitu, hupati nguvu hiyo. Ethanoli ina nishati kidogo kuliko petroli kwa ujazo uleule, kwa hiyo injini huihitaji kwa wingi zaidi. Nozeli zinazorusha mafuta na pampu yake zikishindwa kuleta wingi huo, injini hubaki na hewa nyingi na mafuta machache, joto linapanda, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa hiyo nozeli kubwa, pampu kubwa, na kompyuta iliyopangwa na mtu anayejua.

"Fundi wa Arusha anajua," akasema.

"Pengine anajua sana. Sasa mafuta yakikuishia huku juu, utajaza nini?"

Akafikiri. "Petroli."

"Kwenye gari lililopangwa kwa ethanoli. Cheche zimewahishwa, presha imeongezwa, halafu unalitilia petroli na kulipandisha mlimani na mzigo. Utasikia mahindi yale ya asubuhi, lakini kwa nguvu zaidi, na huenda kompyuta isiwahi kukuokoa."

"Nimesikia kuna kipimo kinachotambua mchanganyiko."

"Kipo, na ni kizuri. Husoma ethanoli ni kiasi gani na kuiambia kompyuta ijipange. Ukiamua siku moja, usifanye bila hicho. Lakini kikiharibika Jumatatu, vifaranga wako wa Jumanne nani atawapandisha?"

Nikamweleza mengine. Ethanoli tupu huwa nzito kuwaka kwenye baridi, naye anawasha gari alfajiri. Hunyonya unyevu wa hewani, na pipa likikaa nusu masika nzima litakusanya maji. Tena maji hayo ni ya hila. Kwenye ethanoli yenyewe huyeyuka usiyaone. Ukija kuchanganya na petroli ndipo hujitenga na kushuka chini ya tenki, pale pale pampu inapovutia. Ile chupa ya Msimamizi wa Mradi, kwa hiyo, ingebidi Elibariki aijaze mchanganyiko wenyewe na si spiriti peke yake. Ethanoli huchokoza pia mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, na huosha uchafu wa tenki na kuupeleka kwenye filta.

"Lakini nguvu ni nguvu, Mama. Wenzangu wananipita."

"Leo amekupita nani?"

Akageuka kutazama barabara, kana kwamba angemwona. Akatabasamu. "Leo hakuna."

"Ethanoli ni ya mtu mwenye kituo kinachoiuza karibu, fundi wake jirani, na gari jingine la kwendea kazini hili likigoma. Wewe una gari moja, na ndilo shamba la baba yako. Gari la namna hiyo hulipatii nguvu ambayo huwezi kuijaza popote njiani."

Nilidhani tumemaliza. Kumbe jambo lililomlemea zaidi lilikuwa bado. Tukiwa tunashuka, boksi likiwa limekunjwa nyuma ya viti, akasema: "Mzee nitamwambiaje? Tangu auze shamba, ile ya alfajiri ndiyo kazi yake. Anaamka kabla yangu."

"Niachie mimi. Mimi na yeye ni watu wa magari."

Tulimkuta uani anaota jua. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwuliza habari za malori yake, akanipa, na zilikuwa ndefu na tamu. Nikauliza, "Lori lako lilikuwa na turbo, Mzee?"

"Turbo gani? Lilikuwa na mimi tu."

"Ndiyo maana boksi lililifaa. Injini ile ilichelewa kupata joto, ulifanya sawa kuliziba. Hii ya Elibariki inapika hewa yake yenyewe, halafu inahitaji baridi ya kuipoza. Leo tumeifunua katikati ya mlima, ikapanda."

Mzee Sulle alimtazama mwanawe. "Kweli?"

"Kweli, Baba. Hakufa hata mmoja."

Akaligeukia boksi lake mikononi mwa Elibariki. "Kwa hiyo hili gari halisikii baridi."

"Linaitaka, Mzee," nikasema. "Wanaosikia baridi ni wale wanaopanda nyuma."

Akainuka. Akalichukua boksi, akazunguka nyuma ya pikapu, akalipima kwenye vyuma vya kubebea mzigo, upande ambao upepo wa safari hupiga. "Hapa?"

"Hapo hapo. Ila acha nafasi, nao wanapumua."

"Kumbe na wao wana turbo," akasema, akaanza kutafuta vipande vyake vya tyubu.

Jumamosi mfanyabiashara alikuja na pipa lake. Elibariki alimshukuru vizuri, akamwambia amtafute siku ethanoli itakapouzwa kituoni kama petroli, njiani kwake. Yohana alilitazama pipa likipakiwa tena kurudi lilikotoka, akasema kwa masikitiko, "Basi gari limeokoka."

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho kubwa niliyoifanya. Macho yamepungua, ovaroli imetundikwa, na gereji nimemwachia mwingine. Elibariki bado anapandisha vifaranga, na hupita kunisalimu akishuka. Nikiwaza miaka yote hiyo, naona mabosi wangu watatu walinifundisha kitu kimoja kwa njia tatu: fundi anatazama kwanza gari linaishije, ndipo aseme linahitaji nini. Siipingi ethanoli. Huenda wewe unayenisikiliza ndiwe utakayeiona ikiuzwa Babati, ukaipangia injini kwa kipimo chake na nozeli zake, na ikapanda Dareda kwa raha. Nitafurahi ukinipitia hapa unichukue, nikakae.

Kwa sasa fanya hili. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari lako, zunguka mbele, inama, upitishe mkono kwenye wavu. Chochote kinachozuia hewa kiondoe, na kama kimefungwa na mkono wa mtu, mwulize kwanza kwa nini alikifunga.